Baba na Ulinzi wa Pwani

Jumanne

Bado nina hasira. Zuhura, mtoto wa dada yangu, kaja gereji kwangu, mtaa wa Gerezani, na makaratasi yake ya chuo. Anaandika historia ya kamandi ya jeshi iliyolinda pwani wakati wa vita vya Kagera, ile aliyotumikia marehemu baba. Nikamweleza jinsi babu yake alivyozamisha nyambizi ya adui pale Magogoni kwa bunduki moja, tena akiwa na malaria.

"Mjomba, samahani," akasema mbele ya mafundi wote. "Wazee wenzake wanasema hawakufyatua hata risasi moja. Adui alikuwa upande wa ziwa, na nyambizi hakuwa nayo."

Fundi Massawe akadakia, "Kumbe mzee alikuwa analinda samaki!" Wakacheka mpaka wakashika matumbo. Nikamfukuza Zuhura. Mimi, ambaye injini ya Fuso naibeba peke yangu, nichekwe kwangu!

Hapa niseme ukweli. Nyambizi niliitunga mwenyewe, darasa la tatu. Baba za wenzangu walienda mstari wa mbele, wengine hawakurudi. Wangu alikaa handakini miezi mingi akitazama maji, akarudi mzima, nami nikazomewa shuleni.

Lakini adui angekuja na huku pwani, si baba angekufa wa kwanza? Mbona hilo hakuna anayelisema?

Zuhura anakabidhi kazi Ijumaa. Kesho nitamwomba radhi. Maneno yangu ayafute yote, ila jina la baba aliandike, na aseme alikaa pale mpaka alipoambiwa arudi nyumbani.