Vidonge Vilivyochelewesha Posa

Gungu, Kigoma

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kumsomea, na umwambie mapema kwamba aliyeandika barua hii ni mzima, maana humu ndani mna homa. Miguu yake inamsumbua bado? Na mvua imewafikia huko Korogwe? Huku ziwa limetulia na dagaa ni wengi.

Nina habari mbili: niliugua, na nimeposa. Nilitaka kuziandika mbalimbali, lakini zilikutana sebule moja, kwa hiyo zipokee pamoja.

Ilianzia Kidahwe, tulikopelekwa kujenga ghala la chakula cha wakimbizi. Mafundi tuliwekwa kulala kwenye nyumba ya udongo iliyohamwa zamani. Wenyeji waliobaki ni papasi, wale wadudu wa jamii ya kupe wanaokaa kwenye nyufa za sakafu. Hutoka gizani, wakakunyonya, wakarudi zao bila kuaga. Mchana nako tulifyeka majani malishoni mwa ng'ombe, nikapata kupe wa kawaida mguuni. Haukupita muda nikaanguka na homa, kichwa kinagonga kama kuna mtu anaponda kokoto ndani yake.

Aliyenipakia kwenye lori la saruji na kunirudisha mjini ni Mzee Idrisa, mwashi mwenzangu. Ni mkimbizi kutoka Bujumbura. Alivuka ziwa peke yake, na jamaa zake hajui walipo. Huku tunakula sahani moja.

Daktari wa zahanati, mama mmoja mpole, alinipima damu, kisha akautazama mguu wangu. Pale kupe aliponiuma palikuwa na kidonda cheusi.

"Una homa mbili," akasema. "Moja ya papasi, moja ya kupe. Dawa yake ni moja, ila usidanganyike na nafuu. Hii ya papasi ina tabia ya kuondoka na kurudi. Kunywa mpaka vidonge viishe, hata ukijiona unaweza kubeba nyumba."

Dada, sikufika hata nusu nikajiona naweza kubeba nyumba. Na mwenye nyumba wangu, Bi Mwamvua, kuku wake walikuwa wanakoroma na kutoa makamasi.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe umeshapona, hawa wanakufa. Si ungenipa hivyo vilivyobaki niwatilie kwenye maji?"

Unanijua, kumnyima mtu mzima siwezi. Nikampa. Kuku wakapona wote, na jogoo akaanza kuniamsha kabla ya adhana.

Sasa, kuna binti anaitwa Asha, anauza migebuka sokoni Katonga. Ana ulimi mkali lakini samaki wake hawajawahi kuwa wa jana. Mazungumzo yetu yalikuwa yamefika mahali pa kupeleka mshenga. Baba yake ni marehemu. Anayemsimamia ni baba yake mkubwa, Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa mawese pale Ujiji. Mzee huyo alisema hapokei posa ya mwashi asiyemjua, anataka kumwona kwa macho yake. Basi Mzee Idrisa akaazima kanzu, mimi nikapiga shati pasi, tukaenda.

Tulikaribishwa vizuri, kahawa ikaja. Mzee Hamisi akaanza kuuliza. Kwenu wapi? Unaswali? Kisha akauliza, "Kwenu kuna ugonjwa wowote wa ukoo?" Hapo hapo nikahisi baridi inapanda mgongoni. Kikombe kikaanza kugonga kisahani. Nikakiweka chini, meno nayo yakaanza.

"Ni haya ya kijana," Mzee Idrisa akasema.

"Haya haigonganishi meno," Mzee Hamisi akajibu.

Sauti ya Asha ikatoka nyuma ya pazia. "Baba mkubwa, huyo ana homa. Alikuwa na homa ya papasi."

"Hukupewa dawa?"

"Nilipewa," nikasema.

"Iko wapi?"

Sikuona njia ya kupita. "Nyingine niliwapa kuku."

Mzee Hamisi akapangusa miwani yake polepole. "Walipona?"

"Walipona, mzee."

"Basi mpelekeni zahanati. Mtu anayeshindwa kumaliza vidonge vyake mwenyewe, nitamkabidhije binti wa ndugu yangu? Akimaliza, arudi tuongee."

Nilitolewa Ujiji nimefunikwa khanga ya mama mkwe ambaye bado hajawa mama mkwe.

Kule zahanati nilimkuta daktari wangu pamoja na daktari mwingine, kijana wa hospitali ya kambini. Kijana akasema nianze upya, wiki moja inatosha. Yule mama daktari akasema homa mbili, na moja imesharudi, hapana, siku kumi. Wakabishana juu ya kichwa changu, kila mmoja akitaja wagonjwa wake, mpaka nikaomba niruhusiwe kulala chini. Mzee Hamisi alipoletewa habari alikata shauri kama kadhi. "Kumi. Hizo tatu za juu azinywe kwa ajili yangu."

Asha akawa anapita kila asubuhi akienda sokoni.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua mdomo."

Bi Mwamvua, kwa majuto yake, akaniletea maziwa niteremshie vidonge. Daktari alikuwa amekataza maziwa na dawa hiyo, kwa hiyo Asha aliyanywa yeye, akashukuru, akaenda zake. Vidonge vilipoisha, mzee akataka tungoje tena tuone kama homa itarudi. Haikurudi.

Tukaenda Ujiji mara ya pili. Safari hii Mzee Hamisi aliuliza neno moja tu: "Mzazi wa upande wa mume ni nani?"

Nilitaka kueleza kwamba baba alifariki na mama yuko mbali. Mzee Idrisa akanitangulia. "Ni mimi," akasema. "Huyu ni mwanangu." Alisema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake, sauti ya mtu mwenye nyumba na watu wake. Sikumsahihisha. Ikasomwa Fatiha.

Ndoa ni baada ya Idi. Mama asione nimemsahau baba. Mweleze vizuri, wewe unajua kusema naye. Nisalimie shemeji, na mjomba Athumani fundi baiskeli, na shangazi Mwanahawa ambaye najua ataanza kuuliza Asha ni mweupe au mweusi. Mwambie ni mkali.

Mtakaponijibu, Mama amtaje Mzee Idrisa kwa jina na kumwamkia kama ndugu wa nyumbani. Nitamsomea. Tangu avuke ziwa hajapata salamu ya mtu.

Mdogo wako,
Shabani