Kikombe cha Baba Kabla ya Trekta

Jumanne, 14 Januari

Kahawa mbaya tena. Kali, halafu inaacha ukavu kama wa chaki ulimini. Nimeimwaga kwenye sinki, nikaenda kazini nimenuna.

Mashine yangu ya kahawa si mbovu. Niliinunua kwa mama mmoja wa Kitisuru, mtaa wa matajiri, aliyekuwa akihama. Alinitengenezea kikombe pale jikoni kwake, nikanywa chote. Sikujua kahawa inaweza kuwa tamu bila sukari. Nikaipakata mashine hadi kwangu Kabiria kama mtoto.

Hapa kwangu imegoma. Kwa nini?

Alhamisi, 16 Januari

Baba amepiga simu. Anang'oa kahawa yote. Avokado itapandwa mvua za Machi zikianza. Trekta inakuja Jumatatu, tarehe kumi Februari. Aliongea kama mtu anayebadilisha kitasa cha mlango.

Nimeudhika kuliko nilivyotarajia. Na sikuwahi kuipenda ile mibuni! Likizo zote tulichuma, vidole vinanata, tukapeleka kiwandani, tukarudi nyumbani kunywa chai. Kwetu hakuna anayekunywa kahawa. Baba amelima kahawa tangu kabla sijazaliwa na hajawahi kuionja. Anasema ni chungu na inaharibu moyo. Nani alimwambia? Hakumbuki.

Nina mkebe wa buni zake hapa kabatini. Nilizichuma Desemba kwa ubishi tu, nikazimenya, nikazianika, nikazitwanga kutoa ganda. Bado hazijakaangwa. Baba alinicheka sana.

Ijumaa ya tarehe saba Februari ana kliniki ya macho hapa mjini, atalala kwangu. Nataka anywe kikombe kimoja cha kahawa yake kabla ya trekta. Na kiwe kizuri. Kikiwa kibaya, atakuwa amehakikishiwa kila alichoamini maisha yake yote.

Mkebe ni mdogo. Mazoezi nitafanya na kahawa ya dukani.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimechunguza unga wangu kwa kweli, nimeumwaga kwenye karatasi nyeupe. Aibu. Nilikuwa nasaga kwa blenda. Kuna vumbi na kuna vipande vikubwa, vyote pamoja. Maji yanapita haraka kwenye vipande, yanakwama kwenye vumbi. Kikombe kimoja kinakuwa kichachu na kichungu kwa wakati mmoja. Nilidhani hilo haliwezekani.

Nimeenda madukani Adams Arcade kutafuta kisagio. Kijana wa duka alinisukumia cha umeme, cha viungo vya pilau. Nikakataa. Nimechukua cha mkono, chenye meno ya chuma na skrubu ya kurekebisha ulaini. Mkono unauma. Lakini unga unafanana wote, kama mchanga laini. Nimeushika na kuushika.

Jumatatu, 20 Januari

Kahawa inaruka ovyo. Inatoka upande mmoja na kuchafua ukuta.

Jumanne, 21 Januari

Nimejua. Ninashindilia unga nikiwa nimeinamisha mkono. Upande mmoja unakuwa mgumu, mwingine laini, na maji ni mavivu, yanapita palipo laini. Sasa naweka kile kikombe cha chuma cha mashine, cha kutilia unga, juu ya meza, nasawazisha unga kwa kidole, halafu nashindilia wima, kiwiko juu. Raha ya ajabu kufanya kitu kidogo vizuri.

Alhamisi, 23 Januari

Inatiririka vizuri! Uzi mwembamba, povu la rangi ya asali juu. Nimepiga picha. Nimejisifu.

Kisha nimeonja. Imekufa. Ule ukavu wa chaki uko pale pale.

Nimempelekea Achieng', jirani yangu wa mlango wa pili, msusi, mtu asiyejua kuficha. Akaonja, akafunga jicho moja. "Babe, hii kitu iko na taste ya ukuta." Nimekasirika. Yuko sawa lakini.

Jumapili, 26 Januari

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza mashine. Pengine yule mama wa Kitisuru aliniuzia kitu kinachokufa. Pengine kahawa niliyopewa kule ilitiwa kitu. Nimefikia kumshuku mtu aliyenipa mpaka biskuti.

Nimeifungua mashine nyuma, nikaichungulia, nikaifunga bila kuelewa chochote. Skrubu moja imebaki. Natumaini haikuwa ya maana.

Jumatano, 29 Januari

Lazima niandike hili polepole.

Nimerudi kutoka mjini nimechoka, nikasema leo kahawa basi, nipike chai. Nimechukua sufuria, nikaelekea mtungi wa maji ya kununua. Kama kila siku. Hapa ploti, kwenye nyumba hizi za kupanga, hakuna anayepika chai na maji ya bomba, yanatoka kisima cha landilodi na yana chumvi. Chai inakuwa na rangi ya matope na utando juu. Mtu akihamia anaambiwa siku ya kwanza: ya bomba ni ya kuoga, kufua na kuosha vyombo, ya mtungi ni ya kunywa.

Nikasimama na sufuria mkononi.

Mashine nimekuwa nikiijaza kwenye bomba. Tangu siku ya kwanza! Kwa sababu ni mashine. Ina tangi, ina waya, kichwani mwangu iko kundi moja na pasi. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba yale maji ninayanywa.

Nimejaza ya mtungi. Nikasaga, nikashindilia, nikabonyeza swichi.

Tamu. Ile ile ya Kitisuru.

Nimecheka peke yangu mpaka Achieng' akagonga ukuta. Mama wa Kitisuru, nisamehe.

Jumamosi, 1 Februari

Nimekaanga buni za Baba. Sufuria nzito, jiko la makaa, mwiko hausimami. Kwanza zilinuka nyasi, kisha mkate, kisha zikaanza kupasuka kama bisi, na hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Nimezitoa zikiwa kahawia, kabla hazijang'aa mafuta. Chache zimeungua. Nimezichambua moja moja.

Sikungoja, nimeonja leo leo. Povu jingi, ladha hakuna. Mama wa Kitisuru aliwahi kuniambia kahawa iliyotoka motoni huachwa ipumue siku kadhaa, nikadhani ni madoido ya matajiri. Nimefunga mkebe. Sigusi tena mpaka Baba aje. Naogopa.

Ijumaa, 7 Februari

Baba amefika. Macho yana afadhali, kapewa dawa ya matone. Amekunywa chai vikombe vitatu, akauliza kama ile mashine ni ya kuchomelea vyuma.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi nimemtengenezea. Sikumweleza kitu. Kikombe kidogo, akakitazama. "Mami, hii ni ya nani, ya ndege?" Ananiita Mami kwa kuwa nina jina la mamake.

Alikunywa kidogo. Akakiweka chini. Akakichukua tena, akakimaliza, akabaki amekishika kwa mikono yote miwili.

"Hii si ile yetu."

Nikamwambia ni ile yetu. Ya mteremko wa chini, niliyochuma Desemba.

Nilitarajia atabasamu. Amekasirika. Si kwangu. Alisema miaka yote hiyo alipeleka kiwandani magunia kwa magunia, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwambia ni tamu. Alirudia: "Hata mmoja." Nilitaka kumgusa bega nikashindwa.

Nikaona ndiyo nafasi. Nikasema, basi usizing'oe.

Akanitazama na yale macho mekundu ya dawa. "Nani atachuma? Mgongo wangu umekwisha. Wewe uko ofisini."

Nimejifunza kusaga, kushindilia, kukaanga, na hilo swali sikuwahi kujiuliza. Nimemsindikiza hadi kituo cha matatu.

Jumatatu, 10 Februari

Kazini, lakini siko kazini. Trekta iko shambani.

Baba amepiga saa ya chakula. Wamemaliza. Mizizi ilikuwa minene kuliko alivyofikiri. Halafu akasema, kama jambo dogo, kuna mstari wa nyuma ya jikoni umebaki, trekta ilishindwa kugeuka pale.

Lori la maziwa hugeuka pale kila asubuhi. Sikumwambia.

Jumatano, 12 Februari

Nimeomba likizo ya Juni, kahawa ya ule mstari ikiwa imeiva. Bosi ameuliza naenda wapi. Nimesema nyumbani, kuchuma. Akacheka, akatia sahihi.

Mvua bado. Leo nimekunywa chai.