Kola ya Shati Lako Haikuwa Nyeupe

Yaya Kalenga, kaka yangu mkubwa wa studio,

Leo nimefungua studio, lakini nimeketi tu kwenye kiti chako, kile kinachoinamia kushoto. Nimechoka. Si uchovu wa kazi. Ni huu wa kuamka kila asubuhi na kukumbuka upya kwamba homa ilikuchukua, na kwamba sasa umelala nyuma ya kanisa, pale juu ambako ziwa linaonekana.

Nchelenge, huku Zambia, inaendelea. Baiskeli za samaki zinapita kutoka Kabuta kama kawaida. Wateja wengine hawajasikia, wanaingia na kuuliza, "Fundi iko wapi?" Nawaambia. Wanaketi kidogo, wanatikisa kichwa, kisha wanaomba picha ya kadi. Siwalaumu.

Picha yetu ya Mirihi bado iko kwenye kompyuta. Sijaigusa. Tuliianza wakati wa mvua, barabara ilipokuwa tope tupu na hakuna aliyetaka kupigwa picha. Ulizitoa kwenye mtandao, zile picha ambazo wenye roboti wanaziacha wazi kwa kila mtu, ukasema tutaziunganisha wenyewe. Mimi nilidhani ni picha moja. Kumbe roboti ile, gari lenye magurudumu sita, hunyoosha mkono wenye kamera na kujipiga kipande kwa kipande: gurudumu, kichwa, mchanga wa pembeni, kichwa tena. Kazi yangu ilikuwa kuvishona vipande mpaka mshono usionekane.

Siku moja Mama Ngoie, yule anayeleta samaki kwa boti, alisimama nyuma yetu na beseni lake.

"Hii tracteur ni ya nani?"

Ukamwambia trekta hiyo iko Mirihi, na imejipiga yenyewe. Akacheka sana.

"Unadanganya, fundi! Mukono wa kupiga iko wapi?"

Ukamweleza bila haraka kwamba mkono unahama kila picha, na sisi tunachagua vipande ambavyo haumo. Akasema, "Basi inaficha mukono sawa mwizi wa samaki," akaenda zake.

Jioni ile nilikuonyesha kazi yangu kwa majivuno. Nilikuwa nimefuta vumbi lote juu ya roboti, doa kwa doa, kama tunavyofuta chunusi za wateja. Ulitazama, ukacheka hadi ukakohoa. "Mutoto, umemunawisha! Kule hakuna maji." Nikarudisha vumbi lote. Ilinichukua wiki nzima, na kila ukipita nyuma yangu ulikuwa unauliza kama nimeshapata sabuni.

Kwenye rangi hukuwa na mchezo. Mimi nilipenda ardhi ile iwe nyekundu kabisa, kama barabara ya Mantapala wakati wa jua. Ukanionyesha kibao kidogo cha rangi kilichofungwa kwenye roboti. Ulisema pacha wa kibao kile alibaki huku duniani, ili watu walinganishe. Rangi za kibao zikikaa sawa na za pacha wake, mchanga nao unaweza kuaminiwa. "Usiulize macho yako inapenda nini," uliniambia. "Uliza kitu yenye unajua."

Yaya, sasa nikueleze kilichotokea baada yako.

Mama yako alituma neno kwamba atavuka kutoka Kilwa, ng'ambo upande wa Kongo, aje siku ya kumaliza kilio. Maziko hakuyawahi. Hakuwa amekuona tangu ulipokimbia vita, kijana mwembamba. Aliomba jambo moja tu, aone uso wako wa ukubwani.

Tukatafuta. Umepiga picha watu wa wilaya nzima, na wewe humo. Nilipata kiwiko chako kwenye harusi moja, basi. Mwishowe Mama Furaha, mke wako, alileta kadi yako ya mkimbizi. Uso ulikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, umepauka, rangi zote zimekimbia.

Niliukuza. Nikaona kola ya shati, nikaiambia kompyuta kwamba hiki ndicho cheupe. Uso wako ukageuka bluu, kama mtu aliyetolewa majini. Mama Furaha alitoka nje. Aliporudi alisema, "Mufanye mweupe kidogo, sawa wateja. Atapendeza." Nilikuwa nimechoka, yaya. Karibu nifanye hivyo. Ni kubonyeza tu, na mkono umezoea.

Lakini ile kola nilikuwa naijua. Ndilo shati ulilovaa mwaka wote wa kwanza wa studio, la rangi ya siagi, nikalipiga pasi mara nyingi mimi mwenyewe. Halikuwahi kuwa jeupe. Nikamuuliza Mama Furaha kama bado lipo. Lilikuwa sandukuni. Alilitoa akalinusa kwanza, nami nikasubiri.

Nikalipeleka juani, nikaweka karatasi nyeupe kando yake, nikalipiga picha. Kisha nikarudi kwenye uso wako, nikasogeza rangi kidogo kidogo mpaka kola ya kadi ikawa sawa na kola ya sandukuni. Sikugusa kingine chochote. Na polepole ukaja. Mama Furaha alikuwa nyuma yangu, na hakutaja tena kukufanya mweupe.

Siku ya kumaliza kilio, mama yako aliishika picha mbali, akaisogeza karibu, maana macho yake yamechoka. Kisha akawaita wanawake aliovuka nao.

"Mukuje mutazame! Mutoto wangu amekuwa mweusi sawa baba yake."

Akacheka, yaya. Katikati ya kilio, alicheka kwa sauti. Kisha akailaza picha kifuani na kulia mpaka akasinzia.

Kesho anarudi Kilwa. Nitampiga picha bandarini kabla boti haijaondoka, na nitasimama naye mimi, na mwanao mdogo Furaha, kamera aishike Mama Furaha, halafu tubadilishane. Nakuahidi, hakuna mtu wa nyumba hii atakayekosa uso tena. Mirihi nayo nitaimaliza, nguvu zikirudi. Usinihimize.

Pumzika, yaya. Kuna mteja mlangoni, ngoja nimfungulie.

Mutoto wako wa studio