Upande wa Wanawake

Nkololo, Bariadi
8 Juni 2025

Mayu mpendwa,

Mwangaluka, na shikamoo mbili, moja yangu na moja ya mdogo wangu Malimi, ambaye amekataa kuandika kwa sababu anasema mwandiko wake utakuaibisha mbele ya wenzako. Kifua kinaendeleaje? Lile blanketi alilokuletea shangazi Felisita ulilipata, au liliishia getini? Huku sisi ni wazima. Bibi Kwandu magoti yanamsumbua ila mdomo hauna shida, jana tu kamfukuza jirani aliyekuja kuazima plau. Pamba tumeshapeleka mizani. Yule ng'ombe mwekundu kazaa ndama jike.

Sasa Mama, kaa vizuri, maana nina habari na sijui nianzie wapi. Ni lile gereza jipya linalojengwa huku kwetu, lile lenye upande wa wanawake. Tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba ukupeleke kifungoni huko Mwanza, Bibi hajakutia machoni, kwa kuwa hawezi safari ya basi. Kwa hiyo kila lori la matofali lilipopita, alilipungia mkono. Alijua linakuja kukurudisha.

Lakini mambo yakaharibika. Mhandisi Joakim, ndiye mkandarasi, alijenga juu ya udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba kwa mvua, bila kuupima. Mvua zilipokuja msingi ukapasuka, akaufukua na kuumwaga upya, na gharama ikapanda mpaka ikakaribia maradufu. Hizo ni fedha za serikali, yaani zetu. Watu wakanung'unika, ukaitwa mkutano wa hadhara, na afisa akaja kutoka mkoani, Bi Mwanamisi.

Mwenyekiti Maganga ndiye huwatafsiria wazee kwa Kisukuma, ila siku hiyo jino lilikuwa limemvimbisha shavu. Akaniona namnong'oneza Bibi tafsiri, akasema huyu huyu, simama. Mama, unanijua. Darasani nikiitwa jina tu natamani kuingia chini ya dawati. Nikasimama, sauti ikatoka kama ya kifaranga. Vijana wa nyuma wakapiga kelele kwamba dada, ongeza sauti, hatukuja kusikiliza mbu.

Joakim akasema kwa Kiswahili kwamba kazi inakwenda vizuri, gharama zimepanda kidogo tu. Nikatafsiri. Bibi akanyanyua fimbo akauliza upande wa wanawake utaisha lini, maana yeye ana mtu wake. Joakim akamjibu kwa upole kwamba huo uko awamu ya pili, bibi yangu avute subira. Nikatafsiri. Kisha akamgeukia msaidizi wake, akacheka, akasema kwa Kiingereza kwamba hakuna awamu ya pili yoyote, fedha ya wanawake walishaizika kwenye msingi, na msaidizi asihofu, katoto kenyewe ni ka shule ya kata, hakaelewi kitu.

Na hayo nikayatafsiri. Yote, mpaka hapo kwenye shule ya kata.

Halafu Bibi akamwambia Joakim kwamba kama fedha ameizika, jembe lipo, afukue. Weee! Watu walicheka na kupiga kelele kwa pamoja. Bi Mwanamisi, aliyekuwa mwisho wa meza, akataka nirudie kwa Kiswahili. Nikarudia, na sauti safari hii ilitoka. Joakim akasema mtoto hakuelewa. Bi Mwanamisi akamwambia sawa, basi tuambie wewe ulisema nini.

Ukaguzi ukafanyika, ikaamuliwa kwamba kosa la kutopima udongo ni la mkandarasi, alipe mwenyewe, na upande wa wanawake utangulie. Mama, wiki iliyopita umeezekwa! Bati zinawaka mpaka barabarani. Bi Mwanamisi alikuja mwenyewe kutangaza kwamba wafungwa wanawake wa Simiyu walioko mikoa mingine watarudishwa, na akamwambia Bibi kwamba wewe uko kundi la kwanza. Vigelegele vilivyopigwa, ungedhani ni harusi. Nani amewahi kushangilia jela? Sisi.

Sasa kuna jambo moja sijamwambia mtu. Wote wanasema nilichanganyikiwa kwa woga, kwamba maskini aliambiwa atafsiri, akatafsiri kila kitu. Hata Joakim alipita nyumbani kusema hana kinyongo, ni utoto. Niliinamisha macho nikamwambia asante. Lakini Mama, haukuwa woga. Nilijua kabisa yale maneno hayakuwa ya mkutano. Ningeweza kunyamaza. Nilivuta pumzi, nikayachagulia Kisukuma kizuri, nikayasema, na nilifurahi. Mpaka leo nafurahi. Afande utakayesoma barua hii kabla ya Mama, shikamoo, naomba hili libaki kati yetu watatu.

Nisalimie wenzako wa chumbani, hasa yule anayekusuka. Bibi anakusalimu sana na anauliza kama michembe ya viazi vitamu inaruhusiwa getini, maana ameshaanika, imejaa ungo wa pili, na hataki kusikia kwamba hairuhusiwi.

Wabeja, asante sana, Mayu. Tunakungoja.

Ni mimi binti yako,
Nyamizi