Siku Mbili Kabla ya Eda Kwisha

Jumatatu, 20 Septemba 1993

Sauti ya bafta ikichanwa. Asubuhi nilikuwa nafua nguo nyeupe za Mama, nikaisikia tena kichwani. Siku ile natoka zamu, zahanati ya kiwanda, nafika mlangoni, ndani wanachana sanda. Ndivyo nilivyojua Baba amekufa. Muuguzi mzima, nafunga vidonda vya watu, baba yangu anakata roho mwendo wa dakika kumi kutoka nilipo.

Nimeanika. Nimekwenda gengeni, nimechota maji, nimerudi. Mama yuko eda, hatoki. Mimi ndiye miguu yake.

Jumanne, 21 Septemba

Niliitwa ofisi ya wakala wa kazi za nje, Kinondoni. Bwana Lukindo, wakala mwenyewe, aliniwekea mafaili mawili mezani. Botswana: hospitali ya serikali, wodi ya wazazi, likizo kila mwaka. Ndege Jumatatu tarehe 18 Oktoba, haisogezwi. Maskati: nyumba ya mtu, kumuuguza bibi aliyepooza. Likizo baada ya miaka mitatu. Pasipoti anakaa nayo mwenye nyumba. Safari mwezi Novemba.

Anataka jibu Ijumaa. "Dada, wenzio wanalilia moja, wewe unazo mbili," alisema.

Sikucheka. Zahanati imefungwa tangu kiwanda kipate mwenyewe mpya. Nyumba hii ya Chang'ombe ni ya kiwanda, mwisho wa mwaka tuwe tumeshatoka. Mama atahamia kwa kaka yake Boko, chumba cha uani, na mshahara wangu ndio utakaomlisha. Kubaki hakumo.

Jumatano, 22 Septemba

Nimefungua atlasi yangu ya sekondari. Botswana imepakwa njano. Kuna mto unaoishia mchangani, haufiki bahari yoyote. Nimeutazama sana. Maskati najua tende na udi, basi. Sina mtu kote kuwili.

Nataka Botswana. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kulisema mbele ya mtu. Nataka wodi. Mikono yangu imesomea kupokea watoto. Miaka mitatu ya kumgeuza bibi mmoja kitandani na nitakuwa nimesahau yote.

Alhamisi, 23 Septemba

Nimehesabu kwenye kalenda ya kiwanda iliyo ukutani. Baba alifariki tarehe 10 Juni. Eda ni miezi minne na siku kumi. Tarehe 20 Oktoba. Ndege tarehe 18.

Nimerudia mara tatu. Siku mbili.

Jioni alipita Anjela, mwenzangu wa zahanati, mtu wa Masasi. Yeye jina lake liko orodha ya akiba kwa Lukindo. Akasema siku mbili si kitu, mama atatolewa na jirani. Hajui. Mtoto wa Mama ni mimi tu. Nani atammwagia maji siku hiyo, nani atamvalisha, nani atamshika mkono avuke kizingiti? Baba nilimkosa. Mama simkosi.

Sitamwambia. Nikimwambia atasema nenda, na atalisema kwa uso mkavu, kisha atajikalia humu peke yake.

Ijumaa, 24 Septemba

Nimekataa Botswana. Niliandika kwenye fomu: sababu za kifamilia. Lukindo alinitazama kama mtu aliyeleta mgonjwa anavyomtazama muuguzi. Akauliza kama najua ninachokiacha. Najua.

Jumanne, 28 Septemba

Anjela kapewa ile nafasi. Alikuja mbio hadi uani, kanga mkononi. "Wewe kale tende, mie nikale nyama," anacheka huku anafuta machozi. Mumewe alipunguzwa kazi siku moja na sisi. Nilimkumbatia. Moyo mmoja ulifurahi, wa pili ulimchukia.

Jumanne, 5 Oktoba



Mama alikuwa anachambua mchele. Akaniambia taratibu tu, "Jumamosi ya tarehe kumi na sita natoka, mwanangu. Mwambie Bi Hawa aje mapema." Bi Hawa ni jirani yetu, ndiye anayemletea habari kila mwezi ukiandama. Nikasema sio kumi na sita, ni ishirini.

Akanicheka. Mara ya kwanza kucheka tangu Juni. "Nyie wasomi nyie. Tangu lini eda ikahesabiwa kwa karatasi ya kiwanda? Inahesabiwa kwa mwezi wa juu huko."

Kumi na sita. Ningemtoa Jumamosi, Jumatatu nikapanda ndege.

Chuo cha Kurani nilikaririshwa miezi ya Kiislamu kabla sijajua kusoma saa. Ramadhani naifuata kwa mwezi kila mwaka. Eda ya mama yangu nikaihesabu kwa karatasi yenye picha za vitenge. Na hakuna aliyenizuia kumuuliza. Swali moja tu, mlango wa pili.

Jumatano, 6 Oktoba

Kinondoni. Lukindo anasema jina la Anjela limeshapelekwa na tiketi imetoka. Njia ni moja: Anjela mwenyewe aandike barua ya kujitoa.

Nikaenda kwake Tabata. Amevaa sweta, saa sita ya mchana, jasho linamtiririka. Kaambiwa kule kuna baridi. Mumewe kapiga magoti sakafuni, anaandika jina la mkewe kwenye sanduku kwa rangi nyeupe, herufi moja moja, ulimi nje. Nikanywa chai. Nikalisifu sweta. Nikaondoka.

Najichukia kwa kutosema. Ningesema ningejichukia zaidi. Hakuna upande wenye nafuu.

Ijumaa, 8 Oktoba

Sili. Mama anauliza, nasema kichwa.

Jumamosi, 16 Oktoba

Mama ametoka eda. Nilimwagia maji, nikamvalisha, nikamshika mkono. Bi Hawa na kina mama wengine walifukiza udi na kusoma dua. Akavuka kizingiti, akasimama uani amefumba macho kwa jua. Alipoyafumbua akaona ukuta wa jirani umechorwa tangazo la sabuni, akauliza ni la lini. La Agosti, nikamwambia.

Nilidhani nitalia. Sikuhisi kitu. Ndicho nilichobadilisha na Botswana, na kimekwisha kabla ya adhuhuri.

Jumatatu, 18 Oktoba

Sikwenda uwanja wa ndege. Nilimtumia Anjela salamu. Mchana nilikwenda Kinondoni kwa shughuli yangu.

Jumanne, 19 Oktoba

Mvua ndogo asubuhi. Mama kaenda mwenyewe gengeni, karudi na mchicha na habari za watu. Wakati tunachambua akaniuliza mbona mwenzangu kapata hospitali nzima na mimi naenda kumuuguza mtu mmoja Uarabuni. Nikamwambia Maskati wanalipa vizuri zaidi. Tena ni nchi ya Waislamu, nikaongeza. Akaridhika. Akasema nikifika nimtumie udi, si wa bei ghali.

Mkataba nilitia sahihi jana. Pasipoti niliiacha kwa Lukindo.