Asali Kwenye Rafu ya Nyuki

Chumba cha Uainishaji,
Maktaba ya Utafiti, ghorofa ya chini.
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza kunigomea kwenye ngazi. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Napika kidogo, na bado kinabaki.

Ugomvi sijaacha. Wakubwa wanataka kompyuta ipange makala za sayansi kwa kuangalia kichwa cha habari tu. Nimewaandikia kurasa sita: asiyesoma ndani atajuaje makala inahusu nini? Ukiiweka pasipo pake umeizika hai! Hawajanijibu. Tulikuwa wanne chumba hiki; sasa nabishana na makabati.

Jana nikatafuta mfano wa kuwaaibisha. Nikakumbuka makala yako ya asali ya nyuki na vidonda, uliyoihangaikia miaka mitano. Nikaikuta kwenye rafu ya Ufugaji, kati ya vitabu vya mizinga na nta. Karatasi ya waazimaji haina jina hata moja, miaka kumi na mmoja! Nikapandwa na mori, nikachomoa kadi yake ya uainishaji nimjue huyo mjinga aliyeipanga.

Mwandiko ni wangu.

Siku ile niliona jina lako, nikajivuna, nikaona neno nyuki, nikaandika namba ya rafu. Ndani sikufungua.

Fundi wa majalada akachungulia mlangoni. "Mama Vita, leo unapigana na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Basi leo umepata saizi yako!"

Nikacheka, kisha nikalia. Akaufunga mlango taratibu.

Uliposema hakuna anayekusoma, ukaacha kuandika, nilikuambia unadeka. Ukaondoka na neno hilo, na tangu hapo barua zako ni mistari miwili. Nisamehe, mdogo wangu. Madaktari walitafuta kwenye Tiba, na mimi nilikuwa nimekuficha kwenye mizinga.

Nimeihamishia Tiba. Leo asubuhi muuguzi mmoja, mwenye wagonjwa wa kuungua moto, ameiazima. Jina lake liko peke yake juu ya karatasi ile. Nimelisoma mara nne. Na wakubwa nimewapelekea ukurasa wa saba, unaonihusu mimi.

Msalimie wifi, na wanao wote waambie shangazi anawauliza. Mjomba naye anakusalimu. Mungu akulinde, akurudishie na kalamu.

Dada yako akupendaye, ambaye safari hii amekusoma mpaka mwisho.