Maji Yaliyotoka Kwetu

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti limekupa nafuu ya kukufikisha shambani bila kumgombeza mtu njiani. Mimi sijambo kwa afya ya mwili. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hujawahi kuniachia nikamaliza sentensi, na ya leo sharti niimalize.

Kwanza habari za kazi. Utafiti wangu kuhusu mnyauko wa viazi umekamilika. Ofisi yangu hapa kituo cha utafiti ni kona ya maabara, baina ya jokofu la sampuli na dirisha lisilofungika vizuri. Hapo ndipo nilipounda kielelezo cha kompyuta kinachoonyesha namna maji yanavyotiririka katika mfereji wa bonde letu: yanapokwenda kasi, yanapotuama, na yanavyobeba vimelea vya ugonjwa kutoka shamba moja hadi jingine. Fundi wa maabara, mcheshi asiyeheshimu shahada ya mtu, hukiita kielelezo hicho mganga, kwa kuwa huuliza maswali mengi, hula umeme mwingi, na hujibu kesho. Mimi huniita Daktari Mtarajiwa, hasa ninapomwaga kitu. Hata hivyo mkurugenzi wetu, mama anayetoa sifa kama mgonjwa wa presha anavyotia chumvi, alitamka mbele ya wote kwamba kazi hii imesimama imara. Nilitamani ungekuwepo usikie.

Sasa, Mama, naomba ukae chini.

Utakumbuka kwamba nilipokuja likizo niliomba mashina ya viazi katika kila shamba linalopakana na mfereji. Wengine walisitasita. Wewe ulisema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili, kwamba nikate nitakayo, shamba lako halina la kuficha. Mashina yako yalikuwa ya kijani, yamesimama imara, hata nikaona haya kuyakata. Maabarani tuliyatumbukiza katika glasi za maji safi, maana ndivyo kipimo kinavyofanywa. Shina zima halitoi kitu. Shina lenye mnyauko hutoa utomvu mweupe, unaoshuka taratibu kama uzi. Glasi ya shamba letu ilitoa uzi. Fundi, aliyekuwa akitania tangu asubuhi, aliisogeza glasi dirishani penye mwanga. Nilirudia kwa mashina mengine, kisha nikamwomba yeye arudie bila kumwambia yametoka wapi. Yakawa yale yale.

Utauliza, kama nilivyojiuliza, inakuwaje viazi vyako havinyauki. Shamba letu liko juu, penye ubaridi, na maji hupita kasi. Vimelea huishi ndani ya mmea bila kuuangusha. Maji yanayotuzidi huteremka hadi shamba la chini, ambako kuna joto na maji hutuama, na huko ndiko mmea huanguka. Aliyenyaukiwa wa kwanza si lazima awe ndiye aliyeleta ugonjwa. Nimekijaribu kielelezo kwa kila namna. Hata nimeuanzisha ugonjwa, humo ndani ya kompyuta, katika shamba la chini, nione kama utatufikia. Hautufikii, Mama. Maji hayapandi mlima.

Shamba la chini lilikuwa la Mjomba.

Sisemi haya ili kukuumiza. Lakini katika kile kikao cha wakulima wa mfereji ulisema kwamba kaka yako ameokota mbegu mbovu mjini kwa ubahili wake, na kwa kuwa wewe ni dada yake, watu waliona hakuna haja ya shahidi mwingine. Wakamwita Bwana Mnyauko. Watoto wakawa wanaruka mfereji wake kana kwamba ugonjwa ungewapanda miguuni. Zamu yake ya maji ikafutwa. Aliapa kwamba mbegu aliikagua mwenyewe, kiazi kwa kiazi, jicho kwa jicho, na bado zamu haikurudishwa. Akauza shamba, akaenda zake.

Mkurugenzi aliniuliza faraghani kama ningependa mwingine aiandike ripoti. Nilikataa. Utabiri wa mavuno unaonyesha kwamba tukipanda viazi tena msimu ujao, mashamba yote yaliyo chini yetu yatapoteza karibu nusu ya mazao. Kwa hiyo maafisa wa kilimo watakuja kung'oa viazi vyako. Mbegu iliyo ghalani itachomwa, na kwa misimu kadhaa patapandwa mahindi tu. Najua mbegu ile umeichagua kwa mikono yako miaka yote. Nimeona heri uyasikie kwangu kabla hujawaona langoni.

Nilimtafuta Mjomba pia. Nilijua analinda ghala hapa mjini, kumbe amelazwa. Moyo wake umechoka, miguu imevimba, na hawezi kulala chali. Huketi ameegemea mito. Aliponiona alisema kumbe elimu inanenepesha, angejua asingeacha shule. Nilimfungulia ramani kitandani nikamweleza mtiririko wote kwa fahari, kama niliye mbele ya jopo la watahini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Ndipo aliponishika mkono, akaniomba nisikwambie. Nisingizie mvua, nisingizie serikali, niseme ugonjwa umezuka juzi tu. Alisema yeye ameshazoea kulaumiwa, wewe hujazoea, na kwa umri huu utaanzia wapi.

Nilimwahidi. Ahadi hiyo naivunja hapa, kwa sababu nilipotoka wodini daktari alinivuta kando akauliza kama mgonjwa ana ndugu wa tumbo moja. Alisema, kama yupo, asikawie.

Yuko wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho, na wageni huruhusiwa alasiri. Nitakupokea kituo cha basi siku yoyote utakayosema.

Msalimie Baba, na wadogo zangu wote uwaambie nawakumbuka. Salamu za Mjomba siwezi kukuletea, kwani nilipomwomba neno la kukufikishia aligeukia ukutani. Aliuliza tu kama bado unaimba ukiwa unapalilia. Nilimrekebishia mito tu, Mama, maana sijakusikia ukiimba tangu aondoke.

Mwanao akupendaye,
Kifungua mimba wako